Kijani kwa Mjomba Gona

Siku ile mjinga alikuwa Kambi, na hatuna haja ya kuzunguka mbuyu kumtafuta mwingine. Hata yeye mwenyewe ukimuuliza leo, atakwambia: "Mjinga nilikuwa mimi, bwana. Wenzangu walikuwa wanapita tu na treni."

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Mei, saa nne kasorobo asubuhi, mvua imekatika sasa hivi tu. Kambi amesimama kwenye jukwaa la mbao la kituo cha Mbambakofi, bendera mbili kwapani, simu mkononi, anausoma ujumbe kwa mara ya nne kana kwamba maneno yatabadilika:

"Kambi, leo watalii sufuri. Wanaoshuka kwako ni wazee watatu na mama mmoja, wamependeza, wana kadzama ya pombe ya mnazi. Wanakwenda kumposa Sidi kwa mzee Simeon. Niwekee nyekundu. Ochola."

Kukiita kituo ilikuwa heshima tu. Jukwaa la hatua thelathini, paa la makuti, benchi moja na kibao cha jina. Kampuni moja ya utalii ilikodi mabehewa mawili kwenye reli ya zamani, kila Jumamosi ikawa inaleta watu wa Mombasa kutazama ndege na vipepeo msituni. Na treni haikusimama ila isimamishwe. Ochola, msimamizi wa mabehewa, akiwa na mtu wa kushuka anamtumia Kambi ujumbe. Kambi akiinua nyekundu, dereva anasimama. Akiinua kijani, dereva anapiga honi anapita. Kazi ndiyo hiyo basi. Miezi kumi na mitano Kambi aliifanya bila kukosea hata siku moja. Kosa alikuwa ameliweka akiba.

Sidi, bintiye mzee Simeon, alikuwa mtu wa palepale, mwongoza wageni. Ndege hakumtambua kwa manyoya, alimtambua kwa sauti. Kambi aliwapokea wageni, Sidi akawachukua, na katika kupokezana huko wakapokezana na mengine. Msitu mzima ulijua. Kilichobaki ni wazee kubeba kadzama kwenda kubisha hodi, na hapo ndipo Kambi alipokuwa mzito.

"Nikipata barua ya kazi ya kudumu, nitatuma wazee," alikuwa akimwambia Sidi kila mwezi.

"Kwani unaniposa mimi au unaiposa barua?"

"Sidi, mwanamume haendi kwa mkwe na kofia ya vibarua."

"Kofia nitaishona. Wewe tuma watu."

Barua ikaja kweli, Jumatatu ya wiki ile. Ilisema wageni wamepungua, kituo kitafungwa mwisho wa mwezi. Kambi akaikunja akaiweka chini ya godoro. Hakumwambia mtu, na hasa hakumwambia Sidi, asijue kwamba Sidi naye alipewa ya kwake siku hiyohiyo.

Ijumaa jioni Sidi akapiga simu.

"Kesho siji kituoni."

"Unaumwa?"

"Nina shughuli nyumbani."

"Shughuli gani?"

"Kambi, si kila kitu cha kuulizwa. Wewe kesho fanya kazi yako tu, uifanye vizuri." Akacheka, akakata.

Kicheko kile kilimkaa Kambi kifuani usiku kucha kama mwiba wa samaki. Na sasa asubuhi hii, ujumbe wa Ochola. Yeye Kambi hajatuma mtu. Basi hawa wazee ni wa nani?

Jibu likaja kwa pikipiki. Peterson, mwana wa bara aliyehamia huku kubeba wageni kutoka kituoni hadi kwenye mahema yao msituni, alifika amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, pikipiki yenyewe imeoshwa hadi kwenye spoki.

"Leo umependeza, Peterson."

"Leo kuna wakwe, bwana! Mtu ataenda kwa mzee Simeon na shati la matope?"

"Wakwe wa nani?"

"Aa! Hilo utaliona treni ikifika. Mwenyewe utafungua mdomo uingie nzi." Akampiga begani. "Inua kitambaa chako, ngoja nikapange magogo pale kwenye tope, wazee wasiteleze."

Akaondoka anaimba.

Sasa hapo, msomaji, mtu mwenye akili angefanya nini? Angempigia Sidi. Simu anayo, chaji anayo, na treni bado robo saa. Kambi alilitafuta jina la Sidi, akalitazama, akaona haya. Amuulize nini? Amwombe nini, yeye mwenye barua ya kufukuzwa chini ya godoro? Akaacha, akaitia simu mfukoni.

Treni ikachomoza kwenye kona. Dereva akatoa kichwa dirishani, kutazama rangi.

Kambi akainua kijani.

Honi ikalia, ndefu, ya furaha kabisa. Behewa la kwanza likapita, tupu. La pili likapita, na dirishani mna mzee amesimama, kofia iliyodariziwa kichwani, bakora mkononi, kadzama ameikumbatia kama mtoto mchanga. Mdomo ulikuwa wazi, anatabasamu. Halafu tabasamu likaanza kuondoka.

"Kambi! Kambi we! Ni sisi!"

Mjomba Gona. Mjomba Gona wa Sabaki, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, aliyemfundisha hata kufunga kamba za viatu.

Kambi aliruka jukwaani akakimbia kwenye kokoto, sasa nyekundu ndiyo iko juu, anaipunga nyuma ya treni. Nani aliwahi kuona dereva anayetazama nyuma? Simu ikaita.

"We Kambi! Umeniinulia nini?" Ni Ochola.

"Mwambie dereva asimame!"

"Asimame mteremko huu, na breki hizi? Ameona kijani, kijani ni sheria. Tutasimama kituo kinachofuata."

"Ochola, humo ndani yumo mjomba wangu!"

"Si najua! Ndiye aliyenikataza kukutajia jina, ati anataka kuuona uso wako. Sidi ndiye aliyemwita. Alimwambia njooni kabla ya kituo kufungwa, mzee Simeon amkubali Kambi angali na kazi." Ochola akashusha sauti. Waliosafiri naye wanajua huyo si mtu wa kunong'ona. "Ndugu yangu, kwa nini umewapitisha watu wa posa yako mwenyewe?"

Simu ikaingia nyingine juu ya ile. Sidi.

"Nimesikia honi," sauti yake ilikuwa inacheka chini kwa chini. "Wameshuka?"

Hapa alikuwa na nafasi ya pili. Mungu ni mwema, mjinga humpa mbili.

"Nani?" Kambi akasema.

"Wageni."

"Hakukuwa na mtu, Sidi. Treni ilikuwa tupu."

Kicheko kikafa.

"Ochola hakukutumia ujumbe?"

"Hakunitumia."

"Mjomba Gona alinipigia mapema, yuko ndani ya treni. Alikuwa amekaa na Ochola bega kwa bega, Ochola akiuandika."

Kambi akasikia jogoo wa kwa mzee Simeon akiwika ndani ya simu.

"Nakuja," Sidi akasema.

Alikuja kwa miguu, amefunga leso mbili mpya, jozi moja, nywele zimesukwa kwa ajili ya siku hii moja tu. Hakupiga kelele. Alinyoosha kiganja.

"Nipe simu."

Akasoma ujumbe. Akatazama saa uliyoingia. Akamrudishia.

"Ulikuwa na dakika ishirini."

"Sidi, nilidhani ni watu wa Peterson."

"Wangu mimi?" Peterson alikuwa amewafikia, matope hadi kwenye shati lile. "Kambi, mimi nina mke Mariakani na watoto wanne! Huyu wa pili angelala wapi, kwenye tangi la pikipiki?"

Siku nyingine wangecheka hadi wakae chini.

"Uliniambia kuna wakwe!"

"Wakwe wako wewe! Nilitumwa niwabebe! Nikakutania, ndugu yangu, si tunataniana kila siku?" Akamtazama Sidi, akamtazama Kambi, akavua kofia. "Ngoja nikawatafute wazee."

Pikipiki haikufika mbali. Mvua ilikuwa imeikata barabara, na njia iliyobaki ilikuwa reli yenyewe. Wazee walishuka kituo cha mbele, kilomita kumi na moja, wakaambiwa treni ya kurudi ni kesho. Wenzake wakasema tulale. Mjomba Gona akakataa. Kadzama ya posa hailali njiani, alisema, akaitia begani akaanza kuhesabu mataruma ya reli kwa miguu.

Walifika saa kumi jioni. Mama amebebwa mgongoni na Peterson mwendo wa mwisho, wazee wawili wanajikokota, na Mjomba Gona mguu wa kushoto umepasuliwa na kokoto, kiatu kimejaa damu. Kadzama ilikuwa nzima, tone halikumwagika.

Kambi alikwenda kuwapokea njiani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Mzee alipita bila kusimama, asije akashindwa kuanza tena. "Tulikuona. Umependeza na sare."

Heri angempiga kwa bakora.

Mwenye kuposa haingii siku ya posa. Kambi alibaki nyuma ya ua wa makuti, akisikia kila kitu na kuona miguu tu.

"Karibuni," ilisema sauti ya mzee Simeon. "Tuliwangoja tangu asubuhi."

"Njia ilikuwa na mambo, mkwe wangu," akajibu Mjomba Gona.

"Mambo hayo tumeyasikia. Yana rangi ya kijani."

"Mtoto alikosea. Sisi tumekuja kumwombea, na yeye, na kosa lake."

Kadzama ikawekwa chini, Kambi aliisikia ikigusa udongo. Mnazi ule uligemwa alfajiri Mtwapa, walikopitia njiani, ukiwa mtamu wa kunywewa na wajawazito. Sasa jioni ulikuwa umechacha, harufu yake ilifika hadi uani.

"Mnazi umekuwa mkali," mzee Simeon akasema. "Lakini si mimi wa kuukataa, wala wa kuukubali. Kwetu hapa anaulizwa mwenyewe. Sidi!"

Miguu ya Sidi ikaja, ikapiga magoti.

"Mwanangu, wazee hawa wametoka Sabaki. Hii kadzama wameileta kwa ajili yako. Tunywe, au tusinywe?"

Kuku akapita. Mtu akakohoa. Kambi alishika makuti ya ua yakamchana kiganja, asiyaachie.

"Mjomba Gona," Sidi akasema, "mguu huo nitauosha mimi mwenyewe. Nimekuita, ukaja, na kwa hilo nitakushukuru hadi nife."

"Sema, mwanangu."

"Baba, msinywe."

Hakuna aliyelia, hakuna aliyefoka. Baadaye kidogo Kambi akasikia maji yakimiminwa kwenye karai, na mzee akivuta pumzi kwa meno chumvi ilipogusa kidonda, na Sidi akimwambia pole, pole baba, pole. Alisimama pale hadi karai likamwagwa. Maji yalipita chini ya ua, yakafika kwenye viatu vyake, mekundu.

Mwisho wa mwezi kituo kikafungwa kama barua ilivyosema. Vijana wa kampuni waling'oa kibao na benchi, mbao za jukwaa wakaziacha. Kambi alikabidhi bendera zake mbili, akatia sahihi, akaenda Malindi. Akapata kazi mtaa wa Muyeye kwenye nyumba za kupangisha, kufungua geti na kulifunga. Wapangaji wa pale wanamjua kwa jambo moja: haachi mgeni apite bila kumuuliza jina, na hamzuii mgeni kabla hajampigia mwenyeji. Wanamwona msumbufu.

Kwa Sidi aliandika kila Jumamosi.

"Sidi, nisamehe."

Tiki mbili za buluu.

"Sidi, mjomba anakusalimu. Kidonda kimefunga ila anachechemea."

Tiki mbili za buluu, halafu: "Mwambie namsalimu sana."

"Sidi, leo nimemsikia yule bundi mdogo wa msitu wenu huku Muyeye, nikakukumbuka."

Huo ulijibiwa haraka.

"Muyeye hakuna bundi huyo."

Kambi alicheka peke yake getini, kisha akajifuta uso na shati.

Mwaka ulipotimia alikwenda Sabaki kumwona Mjomba Gona. Mzee alikuwa anapalilia mahindi amekaa kitako, anajisogeza.

"Mjomba, nataka utume wazee tena."

"Nani anakwenda? Mimi na mguu huu?"

"Nitakodi gari hadi mlangoni."

Gona akaliweka jembe chini. "Safari ile sikukasirika, na leo sikasiriki. Lakini kadzama haisemeshi mtu asiyesema nawe. Nenda kwanza wewe, mikono mitupu. Akikuambia tuma watu, nitakwenda hata kwa kutambaa."

Kambi akaenda. Msitu aliukuta vilevile, watu ndio waliobadilika: wageni sasa wanaingia kwa gari upande wa pili, na siku ile Sidi alikuwa na wanafunzi wanane wa chuo kutoka Kilifi. Alikuwa amewasimamisha palepale kwenye lile jukwaa. Mbao nusu zimeliwa na mchwa, makuti yameanguka, majani yamepanda hadi katikati ya reli.

"Hapa palikuwa kituo," alikuwa anawaambia. "Kiliishi miezi kumi na mitano."

"Kwa nini kilikufa, dada?" mmoja akauliza.

Sidi alikuwa amekwisha kumwona.

"Treni zilikuwa hazisimami," akasema. "Tangulieni hadi kwenye mti ule mkubwa, nakuja."

Wakabaki wawili. Sidi alikuwa amekonda kidogo, darubini shingoni, viatu vya matope. Hakukaa.

"Hujambo, Sidi?"

"Sijambo. Mjomba?"

"Anapalilia kwa kujiburuta."

Akafumba macho kidogo. "Umefuata nini?"

"Nimekuja kusema nilikosea."

"Umesema Jumamosi hamsini na mbili. Ninaamini."

"Basi nirudi wapi, Sidi? Una mtu?"

"Sina."

"Unanichukia?"

"Ningekuchukia ningepata usingizi." Aligeuka upande wa reli. "Nilizisuka nywele zile kwa ajili yako, Kambi. Nilimwomba baba wiki nzima. Alisema mtu wa kibarua hapana, nikamwambia mjaribu. Hadi ile leso nilinunua nikaificha kwa jirani usije ukaiona."

"Mbona hukuniambia, basi?" Sauti ya Kambi ikapanda, mwaka mzima ulikuwa ndani yake. "Ungeniambia neno moja tu! Ulinificha. Ochola akanificha. Peterson akanichezea shere. Mjomba akaficha jina lake. Nyote mlijua, mimi peke yangu sikujua, halafu kosa likawa langu peke yangu! Hiyo ni haki?"

"Tulikuficha furaha."

"Ningejuaje ni furaha?"

"Ungepiga simu."

"Niliona haya!"

"Na uwongo je? Treni tupu?"

"Niliogopa! Sidi, niliogopa, mimi ni mtu, si malaika. Lakini moyoni sikuwa na ubaya na wewe. Niapishe kwa chochote." Alimsogelea, machozi yamemlenga. "Laiti ningejua yule ni mjomba Gona, wallahi ningeinua nyekundu. Ningeziinua zote mbili! Ningelala relini!"

Ndege mmoja aliita kutoka juu ya mti, mara mbili. Sidi alisubiri ndege amalize, kwa ile tabia yake ya kazi, kisha akaivua darubini shingoni akaifuta kioo kwa pembe ya leso.

"Hilo ninalijua, Kambi," akasema. "Na wazee wale wangekuwa si wako, nani alikutuma unijibie?"